Tulilipa milioni na robo kila mmoja tuvuke Pemba kwa tanga, tukaishia kuegeshwa Kendwa

Mwana wa Buguruni (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Nimeukalia wiki mbili nikijiambia niachane nao, ila kila nikifungua simu nakuta picha karibu mia mbili, zote ufukwe mmoja, minazi ileile, na bega la shemeji yangu pembeni. Hasira zinarudi upya.

Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, mdogo wake wa kiume, na wenzangu watatu wa ofisini hapa Dar. Mmoja wao aliona tangazo la boti ya tanga kule Unguja. Siku tano, katamarani (boti yenye maganda mawili) ya futi 38, nahodha mzoefu, mpishi, mnalala humohumo. Ratiba ilikuwa tamu. Siku ya kwanza mnaondoka mjini mnalala upande wa Tumbatu, ya pili mnavuka hadi kisiwa cha Misali huko Pemba, ya tatu mnashinda Misali, ya nne mnapanda hadi visiwa vya Fundo na Njao, ya tano mnarudi mjini. Kulikuwa na mstari wa herufi kubwa: INJINI NI YA DHARURA TU. Huo ndio uliotumaliza. Mtu unashinda kwenye foleni ya Buguruni unasikiliza honi mwaka mzima, ukiambiwa siku tano za upepo na maji bila mlio wa mashine, mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Bei milioni saba na nusu kwa boti nzima, yaani milioni moja na laki mbili na nusu kila kichwa. Nusu tulituma kama kianzio, nusu tukaimalizia asubuhi ya safari. Tukaipanga wiki ya Saba Saba ili tuchukue likizo chache.

Siku ya kwanza tuliambiwa tufike ufukweni saa mbili kamili. Tukafika saa mbili kasorobo na mabegi yetu. Boti tukaiona, nzuri kwa mbali, ila imekaa kwenye mchanga mkavu kama ng'ombe aliyelala. Bahari iko kule. Watoto wanacheza mpira kati yetu na maji. Nahodha, mtu wa makamo, mkimya, kavaa kofia ya kiua iliyofifia, akasema neno moja: "Tungoje maji." Tukangoja mpaka saa saba mchana. Hakuna aliyetuambia jana yake kwamba saa mbili asubuhi boti haitakuwa majini.

Tulipoondoka, injini. Nikajua ni ya kutolea boti bandarini. Tumepita Chapwani, injini. Tumepita Mangapwani, injini. Upepo unatupiga mgongoni, bendera imenyooka kuelekea tunakokwenda, na tanga limefungwa kwenye boriti yake halijaguswa. Shemeji akauliza, "Mzee, hatutweki tanga?" Nahodha akasema, "Baadaye." Moshi wa dizeli unarudi ndani ya vyumba. Saa kumi na mbili jioni tukatia nanga Kendwa, muziki wa baa ufukweni unagonga mpaka saa nane usiku.

Nakwenda kula, narudi.

Kijogoo wa Mbagala

Milioni na robo kulala Kendwa kwenye maji wakati nchi kavu kuna vitanda! Endelea mkuu, nimeshaweka kiti.

Mwana wa Buguruni (mleta uzi)

Naendelea.

Siku ya pili ndiyo ya kuvuka. Tuliamka saa kumi na moja wote, wanawake wamemeza vidonge vya kichefuchefu. Nahodha kasimama omo, yaani mbele ya boti, muda mrefu anaangalia kaskazini, kisha akaenda nyuma kupiga simu. Akaongea karibu saa nzima. Akarudi akasema leo hatuvuki, bahari chafu. Pale tulipokuwa maji yametulia kama ya kwenye sinia. Nikamwambia mzee, uchafu uko wapi? Akanyoosha mkono kuelekea Ras Nungwi, akasema, "Nyuma ya pale." Maelezo yote ndiyo hayo.

Tukapelekwa kuogelea na miwani upande wa Tumbatu. Sikatai, samaki wapo na maji ni mazuri. Ila Tumbatu hatukushuka hata kuwasalimu wenyewe.

Siku ya tatu, hadithi ileile. Simu, saa nzima, hatuvuki. Siku hiyo pampu ya choo ikagoma. Watu wanane, choo kimoja kilichobaki, na mpini wake unapigwa mara thelathini ndipo kishuke. Jioni maji ya tangi yakaisha. Tukanunua madumu kutoka kwa vijana wa ufukweni kwa hela yetu. Chakula siku ya kwanza kilikuwa pilau na pweza, siku ya pili wali na samaki, siku ya tatu tambi, siku ya nne tambi. Kamba waliotajwa kwenye tangazo tuliwaona kwenye sahani za wazungu tulipokwenda kuchaji simu kwenye baa.

Na sasa jambo ambalo mke wangu mpaka leo halimtoki. Alipokuwa anatafuta taulo lililodondoka akafungua sanduku la nyuma, akakuta majaketi ya uokozi chini ya makamba na dumu la dizeli. Akayatoa akahesabu. Matano. Mawili hayana vifungo. Sisi ni wanane pamoja na nahodha na mpishi. Mjomba wake alikuwa kwenye Spice Islander Septemba 2011, na ile meli ilizama humohumo kwenye mkondo wa Nungwi tuliokuwa tunataka kuuvuka. Alikaa chini, hakusema kitu mpaka usiku.

Siku ya nne niliharibu mwenyewe, nakiri. Asubuhi simu ikapigwa tena, safari hii nikasogea nikasikiliza. Sauti ya upande wa pili inafoka: wavushe, wavushe, watu wamelipa. Nahodha anajibu taratibu, "Sivuki." Badala ya kujiuliza kwa nini mtu anayeishi baharini anakataa, mimi nikajiunga na ile simu. Nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mvivu, anakula hela zetu kwa usingizi, na kama hajui kazi aseme. Wenzangu wawili wakaniunga mkono. Hakujibu. Akakunja mkeka wake akaenda kulala omo.

Siku ya tano tukarudi mjini, saa saba nzima, kwa injini, upepo usoni, maji yanaruka mpaka kwenye mito ya kulalia. Mwenzetu mmoja bahari ilimlevya akatapika kuanzia Mkokotoni mpaka bandarini, hakubakisha kitu isipokuwa imani. Tulipofika ofisini kwa wakala wakatuambia hali ya hewa ni kazi ya Mungu, hakuna kurudishiwa hata shilingi.

Swali langu kwa wenye uzoefu: je, tumetapeliwa? Na huyu nahodha anashitakiwa wapi?

Bibi Harusi wa Tabata

Pole sana kwa mkeo. Mimi nisingengoja siku ya tano, ningeshuka Kendwa na madumu yangu nikapanda daladala mpaka mjini.

Kijogoo wa Mbagala

"Hakubakisha kitu isipokuwa imani." 😂 Mkuu, andika kitabu, hela utazirudisha huko.

Mtu wa Wete

Assalam aleykum. Mie ni Mpemba, nimefanya ubaharia tangu utoto wangu kwa babu, mashua na majahazi ya magogo na karafuu, na sasa nimepumzika. Nimesoma habari yako yote, kaka yangu, na nitakujibu kwa mapana kwa sababu umeuliza nahodha anashitakiwa wapi. Nahodha wako kakuokoa. Wa kushitakiwa yuko nyuma ya ile simu.

Nikueleze kidogo upepo. Huku kwetu mwaka una pepo mbili kubwa. Kaskazi inaanza Novemba au Disemba mpaka Machi, na kusi inashika kuanzia Aprili mpaka Septemba. Kati yake kuna vipindi vya tanga mbili, upepo hauna mwenyewe. Kusi ikiwa imepea ni Juni, Julai na Agosti. Nyie mmekwenda lini? Saba Saba. Yaani mmekwenda kwenye kifua cha kusi.

Sasa mtu wa bara atasema, kama upepo unatoka kusini na Pemba iko kaskazini, si vizuri? Upepo unawasukuma. Ndiyo. Kwenda Pemba Julai ni mteremko. Tena maji nayo yanakwenda kaskazini, maana mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima na kusi huupa nguvu zaidi. Ungevuka Nungwi hadi Misali ukiimba. Ni maili 30 na kitu za bahari, kilomita 60 hivi, saa tano au sita umefika, unaoga.

Tatizo ni kurudi. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo. Lazima upige bishi, uelekee huku, ugeuze, uelekee kule, kama mtu apandaye mlima kwa mikato. Ukibisha kwa pembe ya digrii 45 kila upande, maili 30 zinakuwa 42. Na katamarani haina mkuku mrefu wa kushika maji, inateleza ubavu, kwa hiyo hata hiyo 45 haiipati. Chukua chombo kinakwenda noti tano, yaani maili tano za bahari kwa saa. Ukipiga bishi, unachokipata kuelekea nyumbani ni noti tatu na nusu. Toa noti mbili za mkondo unaokurudisha. Unabaki na noti moja na nusu. Maili 30 kwa noti moja na nusu ni saa ishirini. Saa ishirini, kaka, mawimbi ya kusi yakikutana na mkondo pale nyuma ya Nungwi, mkeo na majaketi matano.

Na hapo ni kutoka Misali tu. Nyie ratiba yenu inasema siku ya nne mko Njao, siku ya tano mko mjini! Njao iko juu kabisa kaskazini ya Pemba. Kutoka pale hadi Forodhani si chini ya kilomita 130. Kwa siku moja, Julai, dhidi ya kusi. Aliyeandika ratiba ile hajawahi kupanda hata mtumbwi wa kuvukia mkondo wa mikoko.

Umemwuliza bahari chafu iko wapi, akakwambia nyuma ya Nungwi. Kajibu sawa. Kendwa iko upande wa magharibi, kisiwa kizima kinawakinga na kusi, ndiyo maana mkaona maji ya sinia. Ukizunguka ile ras tu unakutana na ukweli.

Na habari ya asubuhi ya kwanza, boti kukaa juu ya mchanga. Naona mlikuwa kwenye bamvua, maji makubwa. Kwetu Unguja na Pemba, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kama saa kumi na hukupwa kama saa nne, asubuhi na jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita nne. Mtoto wa Kojani wa miaka kumi anakwambia hilo bila kitabu. Aliyewaambia saa mbili ama hajui, ama alitaka muwe mmeshafika na kumalizia malipo kabla hamjaghairi.

Kitu kimoja tu sikielewi katika hadithi yako. Siku ya kwanza mnakwenda kaskazini na kusi iko mgongoni, kwa nini hakutweka? Hapo hata mie ningetweka shuka la kitanda.

Mwana wa Buguruni (mleta uzi)

Mzee wangu wa Wete, shikamoo. Nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mke wangu kwa sauti. Amecheka kwenye saa ishirini, kisha akanyamaza.

Nakubali la upepo. Lakini nisieleweke kwamba nafuta uzi. Kwanza, kwa nini nahodha hakutueleza hivi ulivyoeleza wewe? Mistari mitano tu, ningeelewa. Sisi si watoto. Kukaa siku tatu unaambiwa "tungoje", "baadaye", "nyuma ya pale", mtu lazima ahisi anachezewa. Pili, choo, maji, majaketi, tambi, hayo si kusi.

La tanga nalo nililisahau. Siku ya tatu shemeji alipanda juu akalifungua kidogo. Lilikuwa limechanika kwenye ukingo wa nyuma kama urefu wa mkono, limeshonwa kwa kamba ya nailoni ya kufungia mizigo. Nahodha alimwona, akamwambia alifunge tu.

Mtu wa Wete

Marahaba. Basi umejijibu. Injini tu na tanga la viraka, ndiyo maana kasema havuki. Pia hakutaka kulitweka kwenye kusi likachanika lote mbele ya wageni.

La kutokueleza hapo una haki. Mabaharia wa zamani tumelelewa hivyo, nahodha hasemi sana, abiria hamwulizi. Nahodha wawili chombo huenda mrama. Lakini abiria wa zamani alikuwa anapelekwa sokoni, hakulipia kufurahi. Kazi imebadilika, midomo yetu bado.

Kijana wa Shangani

Nifafanue kidogo maana niko kwenye hii biashara, ila sitaji mtu. Mnadhani mlikodi boti kwa mwenye boti. Mara nyingi mwenye boti ni mmoja, wakala aliyeweka tangazo ni mwingine, na wakati mwingine kuna dalali katikati. Kila mmoja anakata chake kabla hela haijafika kwenye dizeli. Nahodha analipwa kwa siku, na mpishi anapewa hela ya sokoni mara moja tu siku ya kuondoka. Tambi za siku ya tatu na ya nne zinatoka hapo.

Ratiba nayo ni ileile mwaka mzima. Picha zinapigwa Disemba na Januari maji yakiwa ya kioo, kaskazi inavuma, na wakati wa kaskazi kurudi kutoka Pemba ndiko rahisi, unasukumwa mpaka mlangoni. Basi wanachukua safari ya Januari wanaiuza Julai. Hakuna anayebadilisha maandishi kwa sababu mteja wa Ulaya anakata tiketi miezi sita kabla, haulizi upepo.

Kwa wanaofikiria kwenda: chombo cha Zanzibar kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini, na kampuni ya utalii iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii. Omba kuona vyeti vyote viwili kabla ya kutuma kianzio. Mwenye navyo anakutumia picha ndani ya dakika tano. Asiye navyo anakutumia picha za machweo.

Na habari ya majaketi ipelekeni Mamlaka, hata kama hamtaki hela. Watu wengine wanapanda boti ileile wiki hii.

Bibi Harusi wa Tabata

"Anakutumia picha za machweo." Hili nalihifadhi.

Dada wa Hamburg

Msifikiri ni Zanzibar tu. Nilikwenda Ugiriki Agosti na wenzangu wa kazini, tukakodi boti na nahodha visiwa vya Cyclades. Kule Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, unaweza kuvuma siku tatu, nne, hata wiki bila kupumzika, na anga jeupe, jua kali, huoni wingu. Sisi tulikwama bandari moja siku tatu. Mtu unakaa kwenye mgahawa umevaa kaptura, jua linawaka, unaambiwa huwezi kuondoka. Wadachi tuliokuwa nao walitaka kumla nahodha mbichi.

Tofauti niliyoiona ni karatasi. Mkataba ulikuwa na kurasa kadhaa na ndani imeandikwa wazi kwamba nahodha ndiye mwenye neno la mwisho juu ya usalama, anaweza kubadili njia kwa sababu ya hewa, na hakuna kurudishiwa kwa hilo. Malipo ya nahodha ni mbali na ya boti, kwa siku, na nyinyi wageni ndio mnaomlisha. Nilishangaa, lakini kumbe ni jambo zuri, kwa sababu mnajua tangu mwanzo kwamba mmemwajiri nyinyi. Kila asubuhi alikuwa anafungua simu mezani anatuonyesha ramani ya upepo: hapa nyekundu, hapa zambarau, kesho kutwa njano, tutaondoka kesho kutwa saa kumi na moja alfajiri. Tulimchukia kidogo tu.

Kaka wa Buguruni, mkataba wenu ulisemaje?

Mwana wa Buguruni (mleta uzi)

Dada, mkataba wetu ulikuwa ujumbe wa simu wenye emoji ya pomboo na namba ya kutumia hela.

Kijogoo wa Mbagala

😂😂😂 Nimemwaga chai. Wakuu nani ana namba ya huyo pomboo?

Msomali wa Tanga

Nachangia kidogo. Tatizo watu wa bara mnaichukulia bahari kama barabara ya lami. Ukilipa nauli ya Arusha lazima ufike Arusha. Bahari haina stendi. Sisi Tanga Pemba iko ng'ambo yetu tu, na bado mtu anaweza kungoja kuvuka.

Bibi Harusi wa Tabata

Msomali, tusiwalaumu waliolipa. Kama ratiba imeandikwa Misali, mtu atadai Misali. Wangeandika "tutazunguka kwenye maji yaliyokingwa, na tukijaliwa tutavuka", nani angekasirika? Mimi ningelipia hata hiyo, kwa bei ya chini. Kuzunguka Tumbatu na Mnemba kwa tanga kweli si kidogo.

Mtu wa Wete

Binti, umesema. Julai ningekuwa mie ndiye mpangaji, ningewaweka upande wa magharibi tu. Mjini, Bawe, Chapwani, Changuu mkaone kobe wakubwa, mkwee Mkokotoni, Tumbatu mkashuke Jongowe mkaombe ruhusa kwa wazee na kutembezwa magofu, mle chaza. Kila jioni upepo wa ubavu, tanga limejaa, chombo kimelala kidogo, hakuna anayetapika. Mnemba siwapeleki, iko upande wa mashariki, kusi inaipiga usoni. Kurudi mjini mnaondoka alfajiri kabla upepo haujaamka, mnakumbatia nchi. Pemba mnaiacha mpaka demani.

Kijogoo wa Mbagala

Mzee demani ndiyo lini? Sisi wa Mbagala tunajua masika na mgao wa umeme.

Mtu wa Wete

Mwisho wa kusi, inapoanza kuchoka. Mwisho wa Agosti kuendelea, Septemba, Oktoba. Upepo bado wa kusini lakini mpole, bahari imelala. Ndio wakati wa watu wenye wake waoga.

Mwana wa Buguruni (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho, ni mwezi na siku kadhaa tangu nifungue uzi.

Hela. Niliandika barua, safari hii siyo ya emoji, nikatenganisha mambo mawili kama nilivyojifunza humu. Kutovuka sikukudai. Nilidai tanga bovu, choo, maji tuliyoyanunua, chakula ambacho hakikutolewa, na majaketi. Nikasema nakala inakwenda Mamlaka na Kamisheni ya Utalii. Wakala akanipigia siku ileile, sauti imelainika kama uji. Tukavutana wiki mbili. Mwisho wamerudisha laki tatu kila kichwa, jumla milioni moja na laki nane. Nakala nimepeleka hivyohivyo, samahani kwao. Mke wangu ndiye aliyeandika sehemu ya majaketi, na aliiandika kwa mkono.

Nahodha. Hili ndilo lililonikalisha. Namba yake nilipewa na yule mpishi, nilikuwa nimeihifadhi kwa ajili ya kumfokea vizuri zaidi. Nikampigia nikajitambulisha, akasema, "Nakukumbuka, mwenye sauti." Nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ya nne. Akasema yameshakwenda na maji. Nikamwuliza habari ya tanga. Akaniambia alimweleza mwenye boti tangu mwezi wa sita kwamba lile tanga halifai na kwamba Pemba haivukiki nalo, akajibiwa wageni wameshalipa kianzio. Nikamwuliza kwa nini basi hukutuambia sisi? Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Ningewaambieni, mngeshuka. Mngeshuka, ningelaumiwa mie. Nikaona bora mnichukie hapo Kendwa mkiwa wazima."

Sasa hafanyi kazi kwenye ile boti. Hakusema kafukuzwa au kaacha, nami sikumchimba. Ana mashua ya kaka yake huko Tumbatu, haina vyumba wala choo, mnalala ufukweni kwenye mahema. Nikamwambia kuna mzee wa Wete kanisomesha habari za demani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema mzee huyo anajua, tumpigie mwezi wa kumi mwanzoni, ataangalia mwezi na maji ndipo atupe tarehe, siyo sisi tumpe yeye. Majaketi manane anayo, atanitumia picha.

Kisha akaniuliza kama yule aliyekuwa akitapika naye atakuja, ili ajue wa kumkalisha karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo.

Kijogoo wa Mbagala

Mkuu nafasi zimebaki ngapi?